Kuta za Shule na Biashara ya Sukari

Yeyote asafiriye katika barabara kuu za nchi zetu, awe anatoka Tanga kwenda Moshi au Mombasa kwenda Voi, hupita mbele ya shule nyingi zenye ubao wa jina uliosimikwa kando ya njia ili kuwaelekeza wageni, na mara kwa mara ubao huo umegawanywa sehemu mbili: ile ya juu, yenye rangi kali na herufi kubwa, ni ya nembo ya soda, na ile ya chini, kwa herufi za kujibana, ni ya jina la shule yenyewe. Ndani ya ua wa baadhi ya shule mambo huendelea vivyo hivyo, kwani ukuta wa kantini umepakwa rangi ya kampuni, jokofu limeletwa na kampuni hiyo hiyo na kuandikwa jina lake, na siku ya michezo fulana za wachezaji hubeba chapa ambayo watoto wataikuta tena dukani njiani wakirudi nyumbani. Macho yetu yamekwisha kuyazoea haya, na watu wengi waungwana, wakiwamo walimu na wajumbe wa kamati za shule, hawaoni ndani yake jambo la kuulizwa. Mimi naona jambo kubwa la kuulizwa, nalo ni hili: ni nani aliyempa mfanyabiashara idhini ya kusema na watoto wetu mahali ambapo sisi wazazi hatupo, kwa saa ambazo sheria imewalazimisha wawepo?

Mzazi anapomtoa mwanawe nyumbani asubuhi na kumkabidhi kwa mwalimu, anaweka amana. Anaweka amana ya mwili wa mtoto, akili yake na tabia zake, na anafanya hivyo kwa kutii sheria, maana elimu ya msingi ni lazima na mzazi amfichaye mtoto huitwa mbele ya wakubwa kujibu. Basi mahali ambapo mtoto amepelekwa kwa amri ya dola, ambapo hana ruhusa ya kutoka mpaka kengele ya mwisho ilie, na ambapo mlinzi wake wa asili yu mbali shambani, sokoni au ofisini, ni mahali penye hadhi yake, na yeyote apewaye nafasi ya kumshawishi mtoto hapo amepewa nguvu ambayo hangeipata kwa bango la barabarani wala kwa tangazo la redio, ambalo mzazi angaliweza kulizima.

Rai yangu, ambayo nitajitahidi kuieleza kwa hoja, ni kwamba matangazo ya vyakula na vinywaji vyenye sukari, chumvi na mafuta kupita kadiri yaondolewe shuleni kwa nguvu ya sheria: yaondoke kwenye mbao za majina, kwenye kuta, kwenye majokofu, kwenye majalada ya madaftari, kwenye vikombe na fulana za mashindano, na kadhalika ikomeshwe desturi ya magari ya kampuni kuingia uani na kugawa sampuli za bure huku muziki ukipigwa. Sisemi kwamba bidhaa hizo zipigwe marufuku nchini, wala simnyimi mtu mzima hiari ya kunywa akitakacho kwa fedha yake. Nasema shule isiwe dalali.

Wako wanaodhani kwamba nembo iliyochorwa ukutani ni rangi tu, na kwamba mtoto huipita kama aupitavyo mti. Dhana hiyo haizingatii ukuta wenyewe ni wa namna gani. Ukuta wa shule ndio unaobeba ramani ya Afrika, irabu, jedwali la kuzidisha, picha ya mwili wa binadamu na maagizo ya kunawa mikono, na mtoto wa darasa la pili ambaye bado anaamini kwamba mwalimu hakosei huyachukua yote yaliyoandikwa hapo kuwa ni kweli, tena ni kweli iliyothibitishwa na wakubwa. Kampuni inapoandika jina lake katika ukuta huo huo inaazima uaminifu wa mwalimu bila kuulipia thamani yake, na mwalimu ambaye katika somo la sayansi hueleza kwamba sukari nyingi huozesha meno na kudhuru mwili anapingwa na ukuta wa darasa lake mwenyewe kabla hajafunga kitabu.

Yapo majaribio yanayoonyesha jinsi nembo inavyomtawala mtoto. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto 63 wa umri wa miaka 3 hadi 5, ambapo kila mtoto aliwekewa sehemu mbili za chakula kile kile, moja katika karatasi tupu na nyingine katika karatasi yenye nembo ya McDonald's, kisha akaombwa aonje na kusema ipi tamu zaidi. Chakula hakikutofautiana hata chembe. Lakini watoto walielekea kukisifu zaidi kile kilichofungwa katika nembo, na walifanya hivyo hata kwa maziwa na kwa karoti, vitu ambavyo hakuna mtu anayevihesabu kuwa ndivyo vilivyolipa jina hilo umaarufu. Watafiti waliona vilevile kwamba athari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao nyumbani kwao mlikuwa na televisheni nyingi. Nimeitafakari sana habari ya zile karoti, kwa sababu inabatilisha ile kauli tunayoisikia kila siku, kwamba watoto hupenda vitu hivi kwa tabia ya ulimi wao tu na kwamba tangazo halina dhambi. Ulimi wa mtoto hufundishwa, na miongoni mwa waalimu wake ni nembo, ambayo humfikia kabla chakula hakijamfikia.

Tena mtoto hana silaha ya kujilinda. Jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilieleza mwaka 2004 kwamba watoto walio chini ya umri wa miaka saba au minane hawana uwezo wa kutambua kwamba tangazo limekusudiwa kuwashawishi, bali hulipokea kama habari ya kweli isiyo na upendeleo. Mtu mzima anaposikia tangazo hujua kwamba asemaye anatafuta faida, na kwa hiyo hupunguza maneno yake kwa kadiri ya busara aliyonayo. Mtoto hawezi kupunguza, kwa maana hajui kwamba yuko mtu afaidikaye. Katika muamala wowote ulio halali kati ya wanadamu, pande mbili huwa zinafahamu kinachouzwa na kinachonunuliwa. Hapa upande mmoja una wataalamu, fedha na uzoefu wa miaka mingi, na upande wa pili una miaka sita.

Mintarafu ya madhara yenyewe, sitakaa sana, kwa sababu hayabishaniwi na matabibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 ukisema kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mwili huipata kwa siku, na kwamba ingefaa zaidi isizidi nusu ya hiyo, ambayo kwa mtu mzima wa wastani ni takriban gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Chupa ya nusu lita ya kola ya kawaida huwa na takriban gramu 50. Mtoto, ambaye mwili wake ni mdogo na kadiri yake ni ndogo zaidi, akiinywa chupa hiyo wakati wa mapumziko, baada ya chai ya asubuhi ambayo tunajua sisi wenyewe jinsi tunavyoitia sukari, amekwisha kuvuka mpaka wa mtu mzima mara mbili kabla ya adhuhuri.

Hapo hunijibu mtu mwenye huruma na nchi yake, akasema kwamba shida yetu ni njaa, kwamba watoto wetu wamekonda, na kwamba habari za unene tuwaachie matajiri wa ng'ambo. Jawabu lake lataka subira, kwa kuwa nusu ya maneno yake ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na hilo ni jambo la kuhuzunisha sana katika nchi ilimayo mahindi, mpunga, maharage na ndizi, na yenye bahari na maziwa makuu yaliyojaa samaki. Lakini udumavu na unene hawapigani hata mmoja amfukuze mwenzake. Hukaa katika nchi moja, katika mtaa mmoja, na pengine katika nyumba moja. Matabibu hutueleza kwamba mwili uliodumaa utotoni, ukija kulishwa sukari na mafuta kwa wingi baadaye, huwa mwepesi wa kunenepa na wa kuingiwa na kisukari na shinikizo la damu. Kwa hiyo taifa lenye watoto wengi waliodumaa lina sababu kubwa zaidi ya kuogopa vyakula hafifu kuliko taifa la walioshiba.

Na kama ni habari ya njaa, tumtazame mtoto maskini na sarafu yake. Mama yake amempa shilingi mia tano za kula shuleni, fedha iliyopatikana kwa jasho la kuuza samaki au kufua nguo za watu, na kwa fedha hiyo angaliweza kupata kipande cha muhogo wa kuchemsha, au karanga, au ndizi mbili, vitu vyenye kumfikisha salama kipindi cha mwisho; lakini kwa kuwa amezungukwa na rangi na nembo zilizomwahidi furaha, ananunua pakiti ya vitu vikavu vyenye chumvi na rangi ya machungwa, na nusu saa baadaye njaa imemrudia akiwa mbele ya hesabu za sehemu. Mtoto wa tajiri akidanganywa na tangazo hupoteza fedha ya ziada. Mtoto wa maskini akidanganywa hupoteza mlo wake wa pekee wa mchana.

Fauka ya hayo, dunia inageuka haraka kuliko tunavyodhani. Mwezi Septemba 2025 shirika la UNICEF lilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza duniani watoto na vijana wa umri wa shule, kuanzia miaka 5 hadi 19, walio na unene wa kupindukia wamewazidi wale walio na uzito pungufu, asilimia 9.4 kwa asilimia 9.2, na kwamba sehemu mbili tu za dunia hazijafika hapo: Afrika iliyo kusini mwa Sahara, na Asia ya Kusini. Sisi tumo katika zile mbili. Wenye busara huiona habari hiyo kuwa ni muhula tuliopewa, kwani nchi nyingine zilianza kutunga sheria baada ya maradhi kuingia kila nyumba, na sisi tunaweza kuzitunga yangali mlangoni.

Nchi iliyonifundisha zaidi katika jambo hili ni Chile, ambayo iko mbali nasi kwa bahari na kwa lugha, lakini haiko mbali kwa hali, kwa kuwa nayo iliujua utapiamlo wa watoto kabla ya kuujua unene wao. Huko, seneta Guido Girardi, ambaye mwenyewe ni tabibu, alishirikiana na wenzake na wanazuoni wa lishe kupeleka bungeni mswada uliokaa miaka mingi ukipingwa na makampuni, ukapita mwaka 2012 kuwa Sheria Na. 20.606, na ukaanza kutumika mwezi Juni 2016. Sheria hiyo iliagiza kwamba kila bidhaa ya chakula ipitayo kiwango kilichowekwa cha sukari, chumvi, mafuta au nguvu ibandikwe alama nyeusi ya pembe nane, ionekane na kila mtu bila ya kusoma maandishi madogo ya mgongoni. Kisha ikasema, na hili ndilo linalotuhusu leo, kwamba bidhaa yenye alama hiyo haiuzwi, haitangazwi wala haigawiwi bure katika shule, kuanzia za chekechea hadi za sekondari, na haitangazwi kwa watoto walio chini ya miaka 14 mahali popote. Wanyama wa kuchorwa waliokuwa wakichekelea watoto kwenye maboksi ya nafaka za sukari, akiwamo yule chui mwenye milia maarufu wa Kellogg's, waliondolewa, na lile yai la chokoleti lenye kichezeo ndani, liitwalo Kinder, likatoweka madukani, kwa sababu kichezeo ni chambo. Makampuni yalikwenda mahakamani yakidai kwamba yamenyang'anywa mali yake, yaani michoro yake. Serikali ya Chile haikurudi nyuma.

Na matokeo yalipimwa. Ununuzi wa vinywaji vyenye alama nyeusi ulipungua kwa takriban asilimia 24 katika kipindi cha kwanza cha sheria. Matangazo ya vyakula hafifu ambayo watoto wadogo wa chekechea waliyaona katika televisheni yalipungua kwa asilimia 44, na kwa vijana asilimia 58. Waliobashiri kwamba viwanda vingefungwa na watu wangekosa kazi hawakuthibitishwa na hesabu, maana wachumi waliochunguza ajira na mishahara katika viwanda vya vyakula hawakuona hasara hiyo. Viwanda vingi vilibadili vipimo, vikapunguza sukari na chumvi ili vikwepe alama, na hapo ndipo sheria ilipomfaa hata yule mtoto ambaye hajui kuwa kuna sheria. Unene wa watoto wa Chile haukutoweka, na mtu mwenye insafu hatarajii kwamba sheria moja itavunja katika miaka michache mazoea yaliyojengwa kwa miaka arobaini. Kilichotoweka ni sauti ya mwenye duka ndani ya darasa, na hicho ndicho nikiombacho hapa.

Meksiko, nchi ambayo watu wake ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa soda ulimwenguni, ilifuata njia yake, na tangu tarehe 29 Machi 2025 vyakula na vinywaji vya namna hii vimepigwa marufuku katika shule zake zote. Katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, matangazo yoyote ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13 yamekatazwa tangu mwaka 1980, na kampuni moja ya vichezeo ilipokwenda kushitaki kwamba uhuru wake wa kusema umevunjwa, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilihukumu mwaka 1989 kwamba serikali ina haki ya kuwalinda watoto dhidi ya hadaa za biashara hata kama uhuru huo unapunguzwa. Hukumu hiyo naitaja kwa ajili ya mawakili wetu, ambao bila shaka wataletewa hoja ile ile.

Wala hatuhitaji kungoja ruhusa ya mtu. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, ambamo Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zao wote ni wanachama, uliridhia mwaka 2010 mapendekezo ambayo mojawapo lasema waziwazi kwamba mahali wanapokusanyika watoto, zikiwamo shule na viwanja vyake, pawe huru na matangazo ya namna zote ya vyakula hivyo. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaongeza kwamba sera hizo ziwe za lazima, baada ya kuona jinsi ahadi za hiari za makampuni zilivyokuwa na mianya mingi. Tangu 2010 hadi leo mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule amekwisha kuwa mtu mzima, na ubao wa shule yake ungali na nembo.

Nakuja sasa kwenye hoja ambayo moyo wangu unaiheshimu kuliko zote, nayo ni ya mwalimu mkuu. Yeye haipendi soda kuliko mimi. Lakini ukuta wake umebabuka, choo hakina mlango, uwanja wa mpira hauna magoli, na ruzuku iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi katika Tanzania tangu elimu ya bila ada ianze mwaka 2016 ni shilingi 10,000 kwa mwaka mzima, na sehemu ya fedha hiyo imetengwa kwa vitabu. Katika hali hiyo anafika kijana mtanashati wa kampuni, mwenye lugha laini na ndoo kumi za rangi, na anachotaka ni nembo moja tu. Mkono mtupu haulambwi, walisema wazee, na mwalimu mkuu ambaye mkono wake umekuwa mtupu kwa miaka hupokea. Nani atamlaumu? Mimi simlaumu. Nailaumu jamii iliyomwacha mtumishi wake muaminifu achague kati ya ukuta uliobabuka na siha ya wanafunzi wake.

Michezo ni vivyo hivyo. Mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA, ambayo yametoa wachezaji wengi wa taifa na ambayo ni fahari ya kila mkoa, yaliwahi kuitwa Copa UMISSETA kwa ufadhili wa Coca-Cola, na sikatai kwamba vijana walipata mipira, jezi na safari ambazo pengine wasingalizipata. Lakini tuupime mkataba wa namna hiyo kwa mizani ya haki. Mchezo ni dawa ya mwili, na katika fikra za kijana aliyekimbia dakika tisini juani, akaona bendera za kinywaji kimoja pande nne za uwanja, akanyanyua kikombe chenye jina la kinywaji hicho, ushindi na sukari vimefungamanishwa kwa fundo ambalo litadumu hata baada ya jezi kuchakaa. Kampuni ikitaka kuwasaidia vijana kwa nia njema, mlango wa kuchangia mfuko wa michezo bila ya nembo uko wazi, na ingekuwa sadaka yenye heshima kubwa.

Kwa hiyo sheria ninayoiomba isije mikono mitupu. Serikali zetu hutoza ushuru wa bidhaa kwa vinywaji baridi, na kila mwezi Juni, bajeti inaposomwa bungeni, viwango vyake huongezwa au hupunguzwa kwa maneno machache. Itengwe sehemu ya ushuru huo, kwa kifungu kinachojulikana na kinachokaguliwa, iende moja kwa moja shuleni kwa rangi, maji safi ya kunywa, chakula cha mchana na vifaa vya michezo, ili mwalimu mkuu aondolewe aibu ya kuomba. Maji nayataja kwa makusudi: katika shule isiyo na bomba, chupa ya soda hushindana na kiu peke yake, na katika ushindani huo hushinda kila siku.

Hapa nina hofu moja ambayo sitaki ipite bila ya kusemwa. Sheria nyingi zilizotungwa kwa ajili ya wakubwa huishia kuwapiga wadogo, na naweza kuona kwa macho ya fikra mgambo wakimwaga beseni la mama auzaye mihogo ya kukaanga na kachumbari nje ya lango, au kumfukuza bibi wa ubuyu na embe bichi zenye chumvi na pilipili, kisha taarifa ikaandikwa kwamba agizo limetekelezwa, huku ubao wenye nembo ukiendelea kung'aa juu ya vichwa vyao. Huo utakuwa udhalimu. Mama yule hana kampuni, hana mchoraji wa katuni, hana mtaalamu wa nafsi za watoto. Ana jiko, bidii na wanafunzi waliomzoea. Afundishwe usafi, apatiwe maji na kivuli, ahimizwe kuongeza matunda na maharage katika beseni lake, na ikiwezekana kamati ya shule impe nafasi ndani ya ua badala ya kantini iliyouzwa kwa kampuni. Vyakula vya watu wetu, vitumbua, viazi vitamu, mahindi ya kuchoma, korosho, mapapai na madafu, havijawahi kuhitaji bango ili vipendwe, na wala si vyote vyenye lawama.

Nao wanaosema kwamba jukumu ni la mzazi, na kwamba mzazi imara humkataza mwanawe, nawakumbusha jambo tulilokwisha kulikubali. Mwaka 1981 mataifa yaliafikiana juu ya kanuni za kuzuia makampuni yasitangaze maziwa ya kopo kwa kina mama waliojifungua wala kugawa sampuli za bure katika kliniki, na Kenya iliyatia hayo katika sheria yake ya mwaka 2012. Hakuna aliyesema kwamba mama amenyang'anywa jukumu lake. Ilionekana wazi kwamba mama aliye dhaifu kitandani, akiletewa kopo na mtu aliyevaa kanzu nyeupe, hana uwezo wa kupima maneno kama mtu aliye sokoni, na kwamba heshima ya kliniki haikodishwi. Darasa lina heshima gani pungufu kuliko kliniki?

Wizara za elimu na za afya, Bara na Zanzibar, na wenzao wa Kenya na Uganda, zina wataalamu wa kutosha kuandika sheria hii, na ingefaa Jumuiya ya Afrika Mashariki iwe na kanuni moja, maana bidhaa hizi huvuka mipaka yetu kwa urahisi. Iwe na vipimo vya sukari, chumvi na mafuta vilivyowekwa na watu wa lishe, bila ya wauzaji kukaa mezani vinapoamuliwa. Iwe na muda maalumu wa kufuta nembo zilizopo. Na faini yake imwangukie mwenye nembo, asiguswe mwalimu.

Lakini sheria ina mwendo wake, na watoto wako darasani leo. Kamati za shule hazihitaji amri ya waziri ili kukataa mkataba mpya wa rangi na nembo, wala ili kufuta nembo iliyopo pindi mkataba wake ukiisha. Nawasihi wazazi wenzangu, hasa kina baba ambao mikutano ya shule tumezoea kuwaachia wake zetu, tuhudhurie mkutano ujao, tuombe mkataba wa ule ubao usomwe mbele ya wote, tuulize umeiletea shule shilingi ngapi na unakwisha lini, kisha tuchange fedha ya ndoo za rangi tunazoweza kuzinunua wenyewe na tuandike jina la shule yetu peke yake.